Naomba ushauri: kinyago cha babu kinapasuka

Habari zenu wakuu. Marehemu babu, Mmakonde wa Newala, alituachia kinyago cha ujamaa cha mpingo, watu kumi na mmoja wamebebana. Jioni bibi hukipapasa akisimulia kila sura: huyu alivuka Ruvuma, huyu pacha wa babu. Bila hivyo halali.

Tangu tumhamishie Dodoma (ukavu wa huku mnaujua) kimeanza kupasuka kuanzia chini. Nimepaka mafuta ya nazi, kikaishia kunasa vumbi tu. Fundi anataka kuziba kwa gundi na unga wa mpingo kisha apige msasa, ila bibi hataki sura ziguswe.

Ufa huu unazuilikaje bila msasa? Na nikianza kumrekodi hadithi zake, hatadhani tunamzika mapema?