Mgodi uko mbali ila reli imepita shambani: mliokutana na miradi ya benki za maendeleo tupeane uzoefu

Mpima Mkuza (mleta mada)

Wakuu habari za muda. Kwenye mada za madini huwa tunagombania mrabaha na kodi mpaka usiku, ila reli, barabara, bandari na laini za umeme zinazojengwa ili huo mgodi ufanye kazi hatuzigusi kabisa, na kuna miradi ambayo hivyo vitu ndo vinakula hela nyingi kuliko shimo lenyewe. Hapo ndo zinapoingia benki za maendeleo, IFC ya kundi la Benki ya Dunia (inakopesha kampuni binafsi), AfDB ya Afrika, EBRD ya Ulaya, JBIC ya Wajapan, DFC ya Wamarekani na wenzao, maana benki ya biashara peke yake inaogopa kuacha hela yake miaka zaidi ya kumi kwenye nchi ambayo haijui serikali ijayo itaamka na lipi. IFC ikitangulia na zile za biashara zinapata moyo, zinakopesha zikiwa zimejibanza nyuma yake.

Naanza na yangu. Nilikuwa kwenye timu ya kuhesabu mali kwenye mkuza (ukanda wa ardhi inapopita laini) wa umeme mkubwa uliokuwa unaenda mgodini. Tunafika, mthamini anaita jina, mwenye nyumba anasimama mlangoni ameshika kibao chenye namba anapigwa picha, rangi nyekundu inachorwa ukutani, halafu tunaingia shambani kuhesabu mti mmoja mmoja, huu mche, huu unazaa, huu umezeeka, na hapo ndo ugomvi maana kila daraja lina bei yake na mwenye mti anaujua kuliko sisi. Watu wengi wanadhani mchezo mchafu uko kwenye kuhesabu. Upo, sikatai, vibanda vya fidia vinaota usiku na bati la kuazima. Ila kilichoumiza watu pale ni kwamba tarehe ya ukomo ilitangazwa, mali zikafungwa, halafu hela ya mradi ikakwama huko juu kwenye mazungumzo ya mkopo. Mtu kaambiwa chochote atakachoongeza baada ya tarehe hiyo hakilipwi, basi anaacha kuezua bati linalovuja, anaacha kupanda mazao ya kudumu, anakaa tu na namba nyekundu ukutani. Msimu unapita, mwingine unapita. Hiyo hasara haikuwa na safu kwenye fomu zetu.

Karibuni, mliokuwa upande wa kampuni, benki, mkandarasi au waguswa wenyewe, yaani mliopitiwa na mradi. Msitaje majina ya watu wala kampuni mliyogombana nayo, hatutaki kesi humu.

Tuta la Reli

Mkuu umegusa penyewe. Sisi bati lilivuja hadi tukazoea kulala upande mmoja wa chumba.

Karani wa Mkopo

Niongezee kutoka upande wa makaratasi maana nimekaa ofisi ya fedha ya mradi mmoja wa aina hiyo. Watu wanafikiri benki ikisaini mkataba basi hela imetoka siku hiyo. Hapana. Kusaini ni jambo moja, awamu ya kwanza ya hela ni jambo lingine kabisa, katikati kuna orodha ya masharti ndefu mno, vibali vyote, bima, hati za ardhi, dhamana ya wenye kampuni kwamba mradi utakamilika, na ndani ya orodha hiyohiyo kuna mpango kazi wa mazingira na jamii, kila kipengele na tarehe yake. Fidia ya kipande fulani cha reli haijalipwa? Kipande hicho hakiguswi na tingatinga. Nimeona kwa macho yangu bosi ambaye miezi yote alikuwa anawaita watu wa jamii "wale wa mikutano" anawapigia simu usiku anawabembeleza wamalizie malipo ya kijiji kimoja, kwa sababu bila barua yao benki haiachii hela na mkandarasi ameshaanza kudai.

Hela ikishatoka karibu yote, yule bosi harudii tena kupiga simu usiku. Benki kweli ina haki ya kudai mkopo wote ulipwe mara moja ukivunja masharti, lakini nani ataitumia, wakati mradi ukifa na yeye hapati chake? Kwa hiyo kama una jambo, lipeleke kabla ya awamu ya kwanza. Baada ya hapo unakuwa unaomba.

Dereva wa Boza

Hahaha hao washauri wa benki wanaokuja kukagua mimi nawajua sana. Nilikuwa naendesha boza la maji ya kumwagia barabara ya malori ya makinikia. Wiki za kawaida boza moja, foleni, mara pampu mbovu, vumbi mpaka kuku wanabadilika rangi. Tukisikia wageni wa wakopeshaji wanakuja, maboza yanazuka sijui yalikuwa yamefichwa wapi, barabara inalowa mpaka unateleza, vibao vya mwendo vinapakwa rangi upya. Wageni wanapita kwenye gari lenye kiyoyozi wanaandika. Wakiondoka tunarudi kulekule.

Ila kuna mama mmoja mzungu aligoma, akasema nataka kupita hii barabara alfajiri bila taarifa, na kweli akaja alfajiri. Ripoti yake ilikuwa moto. Tukapewa ratiba ya kumwagia yenye saini kila raundi.

Bi Shamba

Mimi ni mguswa. Nataka kusema habari ya majina maana humu wanaume hamtaiandika. Shamba lilikuwa tunalima mimi, mzee kazi yake mjini. Siku ya kuhesabu mzee akaja akiwa amechomekea, jina likaandikwa lake peke yake. Nikamuuliza yule dada wa mradi, na mimi niko wapi kwenye hii karatasi? Akanijibu vizuri tu, kwamba vigezo vya mkopeshaji vinaelekeza karatasi za umiliki na za fidia ziwe na majina ya mke na mume wote, ila asipoulizwa mtu huwa wanapitisha hivyohivyo kuepusha ugomvi wa nyumbani. Yaani kigezo kipo, kinasubiri uulize! Nikang'ang'ania pale pale mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mzee akanuna, akaunti ikafunguliwa ya saini mbili.

Jirani yangu hakuuliza. Hela ilikwenda kwenye pikipiki na mke mdogo, yeye na watoto wakabaki kupanga.

Jingine, walitupa kuchagua, hela taslimu au ardhi kwa ardhi. Karibu kila mtu alikimbilia hela. Mimi nilisema ardhi, lakini sisaini mpaka nimekwenda na jembe langu nichimbe. Kiwanja cha kwanza jembe liligonga mwamba chini ya udongo kidogo tu, nikakikataa. Cha pili nikakubali.

Mpima Mkuza (mleta mada)

Bi Shamba heshima yako mama. Kwa wasiojua, anachosema kiko kwenye viwango vya utendaji vya IFC, viko 8, toleo la 2012, na namba 5 ndo ya kuhamisha watu, benki nyingi za maendeleo zinakifuata hicho au kinachofanana nacho. Kuna kitu kikubwa ndani yake, kwamba nyumba inalipwa gharama ya kujenga mpya bila kukata uchakavu. Sheria za nchi nyingi zinakata uchakavu, na mthamini wa serikali anafuata sheria yake, hana kosa. Kwa hiyo kampuni inatakiwa ijazie pengo. Na hata usiye na hati ya ardhi unalipwa nyumba na mazao yako, ili mradi ulikuwepo kabla ya tarehe ya ukomo.

Mzee wa Shaka

Nyie mnasifia fomu. Tuulize reli inaelekea wapi. Ukichukua ramani, inatoka shimoni inakwenda baharini, vilevile kama ya mkoloni. Nacala ile ya Msumbiji, kilomita 912 toka Moatize kule Tete, inakatiza Malawi hadi bandarini, AfDB ikaidhinisha dola milioni 300 Desemba 2015. Uwezo wake ulipangwa tani milioni 18 za makaa ya mawe kwa mwaka, na milioni 4 za mizigo mingine yote. Kumi na nane kwa nne, hapo nani ni abiria na nani ni mwenye gari? Sasa hivi wimbo ni Lobito, reli ya Angola, DFC dola milioni 553, benki ya maendeleo ya Afrika Kusini dola milioni 200, shaba na kobalti zipite haraka kwenda Atlantiki.

Na fomu zao hazikuwepo kwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Benki ya Dunia miaka ya 60 ilisema reli hiyo hailipi, Mchina akakopesha bila riba, kilomita 1,860 zikajengwa kati ya 1970 na 1975, shaba ya Zambia ikapata njia. Na abiria nao walipanda.

Karani wa Mkopo

Mzee nakuheshimu ila hizo milioni 4 usizibeze, bila mkopeshaji wa maendeleo kusimamia ingekuwa sifuri, mwenye mgodi hapendi treni ya mtu mwingine kwenye ratiba yake. Swali lako lingekuwa zuri zaidi hivi: hiyo haki ya wengine kutumia reli iko kwenye mkataba au kwenye hotuba? Kama iko kwenye mkataba na bei yake imeandikwa jinsi ya kukokotolewa, mkulima mwenye mzigo ana pa kuanzia. Kama ni hotuba, asahau.

Na Mchina tusimwongelee wa TAZARA tu. Sicomines, ubia wa Wachina na Kongo wa 2008, barabara na hospitali kwa shaba na kobalti, mpaka 2024 ndo Kongo ikafanikiwa kupandisha kiasi cha miundombinu hadi dola bilioni 7. Miaka 16 wanabishana juu ya mkataba ambao mwanzoni wananchi hata kuuona hawakuuona. Fomu nyingi zinachosha, lakini angalau mradi mkubwa wa daraja A (wenye madhara makubwa) pale IFC lazima nyaraka za mazingira na jamii ziwekwe hadharani siku 60 kabla bodi haijakaa.

Mzee wa Shaka

Hadharani wapi? Kwenye tovuti, kwa Kiingereza, kurasa zaidi ya elfu. Sawa.

Tuta la Reli

Hapo Mzee kashinda 😂

Yetu ilikuwa kivuko. Tuta la reli lilikata njia ya ng'ombe kwenda mtoni, wakatujengea kivuko cha chini. Michoro ilikuwa mizuri, ila waliochora walikuja kiangazi. Mvua ya kwanza tu kivuko kikawa bwawa, ng'ombe wanapandishwa juu ya reli, treni ya mabehewa mengi haina breki ya kukuonea huruma. Tulijaza fomu za malalamiko kwenye ofisi ya kampuni, tukapewa risiti nzuri yenye nembo. Kimya. Kijana wetu mmoja aliyekuwa chuo akatafuta nani kakopesha, akaandika barua pepe kwenye kitengo cha malalamiko cha ile benki, sisi wazee tukaweka majina na saini. Wakaja watu, wakakaa na sisi chini ya mti na kampuni upande wa pili. Ilichukua muda mrefu sana. Mwisho wakachimba mtaro wa kutoa maji na kuongeza kalavati mbili, kivuko sasa kinapitika. Ng'ombe waliokufa hawakulipwa wote.

Msoma Mikataba

Tuta la Reli umenirahisishia. Vitengo hivyo vipo kila benki kubwa, Benki ya Dunia ina jopo lake la ukaguzi toka 1993, IFC na MIGA (tawi la bima la Benki ya Dunia) wana CAO toka 1999, AfDB nao wana wa kwao. Kwa CAO huhitaji wakili, unaandika kwa lugha yako, unaweza kuomba jina lako lisitajwe. Ila si mahakama, hawawezi kuamuru mtu alipwe. Wanapatanisha, au wanachunguza kama benki ilifuata vigezo vyake.

Mifano: wafugaji wa Mongolia kwenye mgodi wa Oyu Tolgoi walilalamika 2012 kuhusu malisho na maji, mkopo wa dola bilioni 4.4 ukasainiwa Desemba 2015, makubaliano makubwa na wafugaji 2017. Guinea, vijiji 13 vya eneo la boksiti la Sangarédi vilipeleka lalamiko 2019, mkopo wa IFC ulikuwa wa 2016, wakaingia kwenye usuluhishi. Linganisheni tarehe za lalamiko na za mkopo, mtaona alichosema Karani kuhusu kuwahi kabla hela haijatoka.

Kwa wanaopenda mahakama, wavuvi na wakulima wa Gujarat, India waliishtaki IFC Marekani kwa sababu ya mtambo wa umeme wa makaa, Februari 2019 Mahakama ya Juu ya huko ikasema kinga ya IFC ya kutoshtakiwa si ya kila kitu. Tulishangilia. Mahakama za chini zikaja kuitupa kesi hiyohiyo, kwamba kiini chake hakiko Marekani.

Na tahadhari moja, kuna mikopo ambayo benki ya maendeleo inaipa benki nyingine na hiyo ndo inakopesha mgodi. Hapo kumjua mwenye hela ni kazi ya upelelezi.

Mgeni Kijijini

Wakuu nimesoma yote. Kwetu wameanza kupita na rangi nyekundu wiki hii, reli ya madini. Nifanye nini kwanza?

Bi Shamba

Jina lako na la mwenzio kwenye fomu. Na ukachimbe kabla ya kusaini.

Mpima Mkuza (mleta mada)

Mwambie mwenyekiti adai tarehe ya ukomo kwa maandishi, pamoja na muda gani itadumu kabla mali hazijahesabiwa upya. Piga picha kila mti na kila chumba kwa simu yako. Fomu ya mali usiisaini ikiwa na nafasi tupu, piga mstari kwenye nafasi zote, na usiondoke bila nakala. Halafu muulize yeyote mwenye kofia ya mradi swali moja: nani anakopesha, na hela imeshaanza kutoka au bado?

Mgeni Kijijini

Nimeuliza leo jioni. Wanasema bado.

Karani wa Mkopo

Basi andikeni barua kesho asubuhi.