Fundi alizima apdeti "zisile bando", leo mafaili yangu ya miaka minne yamekwenda (Moshi)

Wakuu, habari za usiku. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na zile za "nishaurini laptop ya kununua". Huu ni msiba.

Nina steshenari hapa Moshi, upande wa Majengo. Mashine nne za mezani na printa mbili. Natoa kopi, naandika CV, mikataba ya viwanja, mihutasari ya VICOBA, mitihani ya shule. Kinachonilisha hasa ni ratiba za mazishi. Mtu wa Kilimanjaro ananielewa: mzee akifia Dar, mwili unapandishwa Kibosho au Marangu, na kijitabu cha ibada chenye picha na wasifu lazima kiwepo, nakala mia mbili, mia tatu. Kosea jina la mkwe uone.

Mashine tatu kati ya hizo niliuziwa mwaka 2021 na fundi mmoja wa hapa mjini. Jina nalihifadhi, siku nikilitoa nitalitoa mbele yake. Zilikuja na Windows 7. Siku anazifunga aliniita kabisa nione: "Mangi, apdeti nimezizima zote, hapa bando lako haligusi mtu." Nikamshukuru. Nikampa na hela ya soda.

Sasa Alhamisi. Kwake umeme umekatika, akaja mbio na laptop ya mteja wake kwapani. "Mangi, nichomeke hapa dakika tano, nishushe antivirusi." Akachomoa waya wa mtandao kwenye swichi yangu (kile kisanduku kinachounganisha mashine zote) kama yuko sebuleni kwake, akachomeka. Kwenye ile laptop niliona dirisha jekundu, pembeni lina vipima muda viwili vinahesabu kurudi nyuma. Nikadhani tangazo la kamari. Mimi wakati huo nimechomoa laini kwenye ruta, nimeiweka kwenye simu ninunue bando la wiki. Wenye ruta za laini mnajua hiyo adha.

Bando halijaingia, binti wa kaunta ananiita: "Bosi, hii imekuwa nyekundu." Kugeuka, ya pili nyekundu. Ya tatu. Kila faili limeota mkia, .WNCRY, halifunguki. Dirisha linadai dola 300 kwa bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, zisipolipwa ndani ya siku tatu zinakuwa 600, na siku ya saba ndiyo kwaheri. Ekstenali ninayohifadhia nakala ilikuwa imechomekwa kwenye mashine ya kwanza, kama siku zote, ikaliwa na yenyewe. (Najua. Msinipige, nimeshajipiga.)

Fundi wetu akatoa tiba ile ile ya miaka yote: "Zima uwashe, mangi." Na hakunisubiri, akabonyeza mwenyewe, mashine zote tatu. Hili la kuzima na kuwasha lishikeni, nitalirudia.

Saa kumi na moja jioni akaingia mama mmoja wa Kibosho, kanga ya msiba kiunoni, kufuata vijitabu vyake 250. Mazishi kesho saa saba. Kilichobaki duniani cha ile kazi ni prufu moja ya karatasi aliyokuwa ameirekebisha kwa kalamu jana yake, na picha ya marehemu ya WhatsApp, ile iliyobanwa mpaka uso unaonekana umetengenezwa kwa matofali. Tuliandika upya mpaka saa nane usiku kwenye ile mashine ya nne. Mama alikaa kwenye benchi muda wote, hakunifokea hata mara moja. Angenifokea ingekuwa nafuu.

Mashine ya nne haikuguswa kabisa. Niliinunua Arusha mwaka juzi, ina Windows 10, apdeti zilikuwa zinaingia zenyewe. Ndiyo niliyokuwa naitukana kila wiki kwamba inamaliza bando.

Kesho yake akaja mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta. Akaangalia, akauliza: "Mjomba, hiki kirusi ni cha 2017. Kimefikaje hapa?"

2017, wakuu! Kinaitwa WannaCry. Kilianza 12 Mei 2017 na ndani ya siku chache kikawa kimeingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa kwa maelfu. Na tundu kilichopitia lilikuwa na kiraka cha bure, yaani apdeti ya kuliziba, tangu 14 Machi mwaka huo huo, siku 59 kabla. Microsoft walikipa jina MS17-010. Silaha yenyewe, EternalBlue, ilitengenezwa na majasusi wa NSA wa Marekani, ikawaponyoka, na kundi linalojiita Shadow Brokers likaimwaga hadharani 14 Aprili.

Nikamwambia mpwa anieleze hilo tundu likoje, maana limenila. Windows ina huduma inaitwa SMB, ndiyo inayofanya mashine moja ifungue folda ya mwenzake au itume kazi kwenye printa ya jirani. Inasikiliza mlango namba 445. Toleo lake la kwanza ni la kizamani sana, na ndani yake kuna kipande kinachopokea orodha ya sifa za faili kwa mtindo wa mfumo uliokufa, OS/2, na kuigeuza iwe ya mtindo wa Windows. Kabla ya kugeuza kinapiga hesabu ya chombo cha kuiwekea. Urefu wa orodha ni namba ya biti 32, lakini pale kinapoirekebisha kinaandika biti 16 za chini tu, za juu zinabaki na ya zamani.

Alinichorea kwenye A4. Chukua 1200. Baada ya hesabu, jibu sahihi ni 95. Wewe badala ya kufuta yote unafuta tarakimu mbili za mwisho tu na kuandika 95. Daftari sasa linasoma 1295. Chombo kimetengwa cha 95, kinachomiminwa ni cha 1295. Ni mwenye mashine ya kusaga aliyetega debe huku juu wanashusha gunia. Tofauti ni kwamba unga huu unamwagikia kwenye kerneli, moyo wenyewe wa mfumo endeshi, na mshambuliaji ameshapanga kitakachokuwa jirani na debe, ili kinachomwagika kisomwe kama amri. Amri ya kerneli haina wa kuibishia. Ndiyo maana hakuna aliyebofya kitu dukani kwangu, wala nywila haikuulizwa. Mashine kuwa imewashwa na kuwa kwenye waya mmoja na mgonjwa, ile laptop ya mteja wa fundi, kulitosha.

Halafu akaniambia jambo lililonifanya nitoke nje nikasimame barabarani kwanza. WannaCry kabla hakijaanza kazi hupiga hodi kwenye tovuti moja yenye jina refu lisilo na maana. Ikiitika, kinanyamaza. Kijana wa Uingereza, Marcus Hutchins, aliliona jina hilo mwaka ule ule akalisajili, na hivyo ndivyo kasi yake ilivyovunjwa. Kwa hiyo kama intaneti yangu ingekuwa hewani, kingegonga, kingeitikiwa, kingelala. Laini yangu ilikuwa kwenye simu, inasubiri bando.

Na lile la zima uwashe? Kwenye Windows 7, namba za siri zilizotumika kutengeneza ufunguo huwa zinabaki kwenye kumbukumbu ya mashine baada ya kirusi kufunga mafaili. Kuna programu ya bure, WanaKiwi, tangu Mei 2017, inazitafuta humo ili mafaili yafunguke. Si uhakika, lakini wapo waliopona nayo. Sharti lake moja kubwa: mashine isiwe imezimwa.

Sasa ninyi mafundi, maana najua mmo humu na mtakuja na "mkuu, punguza hasira".

Mnasema apdeti zinakula bando. Kile kiraka kwa Windows 7, KB4012212, hakifiki MB 50. Video za kuchekesha anazoangalia fundi huyu huyu kwenye Wi-Fi yangu akisubiri mashine iwake zinazidi hapo. Mnasema apdeti zinaondoa kraki. Basi mwambie mteja wazi kwamba umempigia Windows ya wizi na ukaing'oa kufuli ili wizi usijulikane, achague mwenyewe. Mnasema mashine inakuwa nzito. Na iwe nzito! Mimi nachapa ratiba za mazishi, sishindani mbio.

Na kingine: Windows 7 iliachwa rasmi na Microsoft 14 Januari 2020. Huyu ameniuzia 2021. Tena alichopiga ni kile cha kwenye flashi yake, Service Pack 1, ya mwaka 2011, bila kiraka hata kimoja juu yake. Hata Windows XP, iliyokuwa imeshazikwa, Microsoft waliitolea kiraka cha dharura kile kirusi kilipolipuka. Kwa hiyo tatizo halikuwa kukosekana dawa, dawa ilikuwepo, daktari akaifungia kabatini akaniambia nimshukuru. Nikamshukuru!

Kwa wenye steshenari na ofisi ndogo, nilichofanya mimi Ijumaa na Jumamosi: zile tatu zimefutwa kabisa, zimepigwa Windows mpya yenye leseni na apdeti zote zimeingia kabla waya haujachomekwa kwenye swichi. SMB ya kwanza imezimwa kila mashine. Printa moja kongwe ikagoma kutuma skani kwenye folda, na hapo ndipo wengi mnarudi kuiwasha. Mimi nimeamua skani ziende kwenye flashi. Wi-Fi ya wateja imetengwa na mashine za kazi, ruta nyingi zina sehemu ya wageni, iwasheni. Ekstenali sasa inachomekwa jioni, inanakili, inachomolewa, inalala nyumbani. Na mwenye Windows 7 kwa lazima, labda kwa sababu ya mashine ya kukata stika, aangalie kwenye orodha ya apdeti zilizoingia kama kiraka cha Machi 2017 kipo, na aitoe mtandaoni kabisa.

NYONGEZA: Mnaouliza kama nililipa, hapana. Mpwa anasema kile kirusi kilikuwa na anwani tatu tu za bitcoin kwa dunia nzima, hata mwizi mwenyewe hakuwa na njia nzuri ya kujua nani kalipa. Mkuu uliyesema niende polisi: nishitaki nini, soda? Ila kuna scani za vitambulisho vya wateja mle ndani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, hilo linaninyima usingizi kuliko hela. Na dada uliyeuliza: ndiyo, vijitabu vya Kibosho vilifika saa nne asubuhi, picha ni mbaya, mama alilipa yote, sikutaka kupokea, akaiacha kaunta.

NYONGEZA 2: Fundi ametuma meseji sasa hivi. Nanukuu: "Mangi pole na lile tatizo. Nikuletee flashi yangu nikupigie Windows upya? Zote tatu nakufanyia elfu arobaini, na apdeti nakuzimia bure."