Namlipa mwanangu asome vitabu, sasa bila pesa hasomi. Nimekosea wapi?

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kijana wa miaka tisa, darasa la tatu. Kusoma alikuwa anapenda mwenyewe, hata gazeti lililofungiwa maandazi alilikunjua alisome. Januari nikajiona mjanja: kila kitabu kikiisha, shilingi 500. Nilipitia ualimu kabla sijaingia kwenye biashara, nikamkumbuka mwanasaikolojia Thorndike: tendo linaloleta raha hurudiwa. Kweli, vitabu vikawa vinaisha kama karanga. Kumbe anachagua vile vyembamba!

Mwezi huu hali ngumu, nikasitisha malipo. Jana namwambia achukue kitabu, ananiuliza, "Baba, cha leo shilingi ngapi?" Mama yake kacheka. Mimi sikucheka.

Nadharia tulizokariri chuoni zilikuwa za uongo, au nimezitumia vibaya? Naomba ushauri.

Mzee wa Kahawa: Enzi zetu motisha ilikuwa fimbo na tulisoma. Mnawadekeza hawa.

ChaiYaRangi: Shikamoo mzee wangu. Tulisoma, sawa, lakini wangapi tulifungua kitabu tena baada ya mtihani wa mwisho?

Mwalimu wa Zamu: Mkuu, Thorndike hakukudanganya. Mwaka 1898 alifungia paka wenye njaa kwenye masanduku, chakula kikiwa nje. Paka anaparura huku na huku, anagusa kamba kwa bahati, mlango unafunguka. Kila akirudishwa anatoka upesi zaidi. Lakini paka yule hakuwa na shida na kamba, alitaka kula. Mwanao ni paka aliyekuwa anafurahia kuchezea kamba yake, wewe ukamwekea samaki pembeni. Sasa anaona samaki tu.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett walikwenda chekechea moja California, wakachukua watoto wanaopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora. La pili likachora kwanza, likapewa cheti bila kutarajia. La tatu halikupata kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa darasani, anayetaka achore. Walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa na hamu. Kilichokuponza ni mkataba wa mapema.

Binti Tanga: Mimi napinga kidogo. Wangu alichukia jedwali la kuzidisha kama dawa ya minyoo. Nilimwahidi kashata kila akimaliza safu moja, leo anaijua mpaka ya 12. Pale pasipo na hamu, zawadi itaua nini?

Mwalimu wa Zamu: Dada, hapo uko sahihi kabisa. Wale wa California walichaguliwa kwa sababu tayari walipenda kuchora.

Njiwa wa Bondeni: Mkuu mleta mada, kosa lako lingine ni kulipa kila kitabu. Mwanasaikolojia Skinner alionyesha kwa panya na njiwa: aliyezoea kulipwa kila mara ukimkatia anaacha haraka. Aliyekuwa anapata kwa kubahatisha anang'ang'ana muda mrefu. Waangalieni jamaa zetu wa kubeti, mikeka inachanika kila siku na kesho wapo.

ChaiYaRangi: Kwa hiyo amfanye mtoto mcheza kamari wa vitabu? 😂 Mimi nakwenda na mwanasaikolojia Bandura, mtoto anaiga. Mleta mada, tuambie ukweli: mara ya mwisho wewe kusoma kitabu mbele yake ni lini?

Mleta mada: Swali limenichoma hilo. Simu ndiyo naisoma.

*(Baada ya siku nne)*

Mleta mada: Mrejesho, wakuu. Nimekuwa nakaa sebuleni usiku na kitabu cha hadithi za sungura, simu naiacha chumbani. Siku mbili za kwanza kanipita kama hanijui. Jana nikacheka kwa sauti pale fisi anaponasa, akaja kuchungulia begani. Nilipokwenda kuoga nikarudi, kitabu kiko kwake, na hakusema habari ya pesa.

Asubuhi ndiyo kanidai: vitabu vitatu vya mwezi uliopita, 1,500. Nimlipe au nifute?

Binti Tanga: Mlipe kaka, alifanya kazi. Halafu ufunge duka.