Mzee anakoroma na saa zingine pumzi inakatika, hiki kifaa cha meno kinasaidia kweli?

MamaWawili_Umoja
Habarini wapendwa. Mzee wangu anakoroma vibaya sana, tuko nyumba ya bedruumu moja hapa Umoja kwa hivyo hakuna pa kukimbilia, watoto walishazoea lakini mimi naamka saa kumi na usingizi wote machoni. Kelele ningevumilia. Kinachoniogopesha ni vile ananyamaza ghafla, nalala hapo gizani nikihesabu, juzi nilifika ishirini ndio akashtuka na kuvuta pumzi kama mtu ametolewa kwa maji. Na yeye ni dereva wa lori jameni. Jirani ameniambia kuna kitu cha plastiki unavaa kwa meno usiku. Nimeona online kuna ya kuchemsha kwa maji moto halafu unauma, bei iko chini. Hiyo itatosha ama niende kwa daktari wa meno?

FundiRongai
Pole sana mama. Mimi niko nayo mwaka wa pili sasa. Inashika meno ya juu na ya chini halafu inavuta taya ya chini mbele kidogo, so ulimi hauanguki nyuma kuziba koo, ni hivyo tu. Nilianza na hiyo ya kuchemsha, ikanibana upande mmoja na usiku wa manane naitoa bila kujua, nikarudi kukoroma. Ya pili daktari alinipima meno akatengeneza yangu kabisa, iko na skrubu ndogo kando unaisogeza milimita kidogo kidogo mpaka kelele ipungue. Wiki za kwanza ni mate kwa mto, taya inauma, na asubuhi meno ya juu na ya chini ni kama hayakutani, nikikunywa chai na kutafuna kitu yanarudi. Usiioshe na maji moto, itapinda. Wife sasa analala.

KiganjaChaMeno
Nafanya kazi kliniki ya meno hapa tao. Mama, tafadhali usinunue kitu chochote kwanza. Hiyo kunyamaza unayohesabu inafanana sana na apnia ya usingizi, yaani ugonjwa wa pumzi kukatika-katika mtu akilala, pumzi ikikatika sekunde 10 ama zaidi hiyo inahesabiwa kama tukio moja, na wewe umefika ishirini! Anahitaji kipimo cha usingizi, kuna cha kulala hospitali na kuna kamashine anavaa nyumbani usiku mmoja. Wanaangalia matukio kwa kila saa: 5 mpaka 14 ni kidogo, 15 mpaka 29 ni ya wastani, 30 kwenda juu ni kali. Kifaa cha mdomoni kinafaa hizo mbili za kwanza. Ikiwa kali tunaanza na CPAP, ile mashine ya kusukuma hewa kwa maski, cha mdomoni kinabaki cha yule ameshindwa nayo kabisa. Shida ya kununua kiholela ni kelele inaweza kuisha na pumzi bado inakatika, nyinyi mnalala mkifikiri amepona.
Pia meno yake yakoje? Kama yanatingika ama amevaa ya bandia mengi, kifaa hakina pa kushika. Na akipewa, arudi kliniki kuangaliwa, ikivaliwa miaka meno huwa yanasogea. Presha apimwe pia, hiyo na apnia hutembea pamoja.

Njoro_wa_Kayole
Alale kwa ubavu, na pombe ya jioni aache, inalegeza koo. Kwangu ilipunguza sana lakini mimi sikuwa nakatika pumzi.

MamaWawili_Umoja
Asanteni, Mungu awabariki. Jana usiku nimemrekodi na simu, asubuhi nikamwekea akasikiliza mpaka pale pa kunyamaza, akaniuliza "huyo ni mimi?" Amekubali twende Alhamisi kabla hajapewa safari ya Mombasa. @KiganjaChaMeno hicho kipimo, ni daktari wa meno anaandika ama tuanzie kwa daktari wa kawaida?

KiganjaChaMeno
Anzia kwa daktari wa kawaida ama wa masikio na koo. Beba hiyo rekodi, na umwambie mapema kwamba ni dereva.