Naomba ushauri: gitaa la kutengeneza nyumbani, nyuzi nitumie waya wa breki au mshipi?

Mkazi wa Mbagala: Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa mwenye ujuzi, nimekwama na siku zinakimbia. Namtengenezea kijana wangu wa darasa la 5 gitaa kwa vitu vilivyopo nyumbani, la dukani siliwezi kwa sasa. Shingo ninayo, ni chaga ya kitanda ya mninga, unene sentimita 2, imenyooka vizuri. Kwa mwili ninalo boksi la zamani la mbao nyembamba, mbele tayari lina tundu la duara. Swali: nyuzi nitumie waya wa breki ya baiskeli niliouchambua, au mshipi wa kuvulia? Na freti, vile vyuma vya kukatiza shingoni, nazipangaje? Linatakiwa kabla ya tarehe 20. Nawasilisha.

Mzee wa Tandika: Umenirudisha mbali sana. Sisi Mwananyamala tulikuwa na galoni la oili, shingo mti wa fagio, nyuzi breki za baiskeli ya mjomba. Mjomba aligundua akiwa kwenye mteremko. Alirudi nyumbani na kandambili moja. Kaka yangu alianzia pale pale kwenye galoni, akaishia kupiga besi kwenye bendi ya dansi miaka minane. Usimkatishe tamaa huyo mtoto.

Hesabu Kwanza: Darasa la 5 mwalimu wangu alinipa jedwali, hakunipa gitaa. Mtoto akishaonja makofi ya watu, daftari halioni tena.

Mzee wa Tandika: Ndugu, kuna watoto wana jedwali kichwani na bado wamenuna.

Fundi Keko: Nijibu alichouliza. Waya wa chuma kwenye gitaa la kawaida ukishatuniwa unavuta kilo 10 na zaidi, kila mmoja. Nyuzi sita ni zaidi ya kilo 60, mbao nyembamba itajikunja kama chapati. Halafu nyuzi ulizozichambua kwenye waya wa breki zimejisokota, hazinyooki kabisa, na zikikatika zinarukia macho. Kwa mtoto tumia mshipi wa nailoni, mvuto wake ni karibu nusu. Nenda Feri uwaulize wavuvi wanakonunua. Uzi mwembamba chukua milimita 0.7, unaofuata 0.8, wa tatu 1. Anza na hizo tatu.

Freti: pima kutoka kipande cha juu zinapopita nyuzi hadi kwenye daraja, kile kipande cha chini zinapokalia nyuzi. Tuseme ni sentimita 60. Gawa kwa 17.8, unapata 3.4, hapo ndipo freti ya kwanza. Zinabaki 56.6, gawa tena kwa 17.8, unapata 3.2. Endelea hivyo, kila mara unagawa kilichobaki. Jikague: freti ya 5 iangukie sentimita 15 kutoka juu, ya 7 kwenye 20, ya 12 kwenye 30 kamili. Ukikuta ya 12 imepita nusu, umekosea mahali, usigundishe. Kwa freti zenyewe kata spoku za baiskeli, chonga mfereji mdogo, gundisha.

La muhimu kuliko yote: shingo ipenye ndani ya boksi hadi mkiani, mvuto wote ubebwe na mninga. Sasa na mimi nikuulize. Hilo tundu lina upana gani? Na pembeni yake hakuna vitundu vinne vya skrubu?

Mkazi wa Mbagala: Fundi Mungu akuzidishie, hiyo ya 5, 7 na 12 nimeiandika ukutani. Tundu ni kama sentimita 15. Ndiyo, skrubu nne zipo. Ila tusihame kwenye nyuzi.

Fundi Keko: Hilo si boksi mkuu. Ni kasha la redio ya mbao, na hilo tundu ni la spika. La nani?

Mkazi wa Mbagala: La marehemu baba. Tarehe 20 ni arobaini yake. Redio ilikufa zamani, imekaa juu ya kabati inakula vumbi. Nilitaka kijana apige wimbo mmoja tu aliokuwa akiupiga mluzi babu yake jioni. Vya ndani nimeshavitoa, nimeviweka kwenye ndoo, sijatupa hata skrubu moja. Upande wa kushoto nimeshakata nafasi ya shingo. Sioni nilipokosea, ingekuwa Buguruni kwa wauza chuma chakavu sasa hivi.

Mama Wawili: Pole kwa msiba mdogo wangu. Wenzio wanajua?

Mkazi wa Mbagala: Dada hajui. Nilitaka aone siku yenyewe.

Karani Mstaafu: Pole. Lakini mali ya marehemu haiguswi kabla familia haijakaa, ikapendekeza msimamizi wa mirathi, na mahakama ikamthibitisha. Iwe nyumba, iwe redio. Nimekaa Mahakama ya Mwanzo, nimeona ndugu wa tumbo moja wakiachana kwa sababu ya cherehani.

Jicho la Mwewe: Wakuu mnakunywa chai hapa. Mleta mada mwaka jana aliomba ushauri wa ada, akaandika kwamba baba yake alifariki akiwa darasa la 2. Leo baba huyo huyo anatimiza arobaini. Amekufa mara ngapi?

Hesabu Kwanza: Nilinusa mapema. Na picha hakuna.

Mkazi wa Mbagala: Sijatunga. Aliyenizaa alifariki nikiwa darasa la 2, ni kweli. Huyu ni baba mdogo, ndiye aliyenilea na kunisomesha, sijawahi kumwita jina jingine zaidi ya baba. Dada ninayemsema ni binti yake. Picha siweki kwa sababu nyumba inatambulika. Ila nilipotoa spika nilikuta chini ya kasha maandishi ya penseli, mwandiko wake wa kulala kushoto. Ni orodha ya siku alizobadilisha betri. Mstari mmoja umeandikwa "leo mtoto kaishika mwenyewe". Mtoto ni mimi. Nilikaa sakafuni na bisibisi mkononi hadi adhana ya magharibi.

Karani Mstaafu: Basi hilo ndilo ulilotuficha. Watoto wake wapo, na wewe hesabu ya mirathi haikufikii. Umekata kitu cha dada yako.

Mkazi wa Mbagala: Aliniambia kwa mdomo wake kwamba ile redio ni yangu.

Karani Mstaafu: Mbele ya nani?

Mkazi wa Mbagala: Mbele ya kijana wangu tu.

Mama Wawili: Mpigie dada yako leo hii, usimtumie ujumbe. Mwambie na pale ulipokata. Halafu msomee huo mstari wa penseli, na yeye ni baba yake.

Jicho la Mwewe: Naondoa neno langu. Samahani mkuu.

Fundi Keko: Msumeno uweke chini. Kile kipande ulichokata kama unacho, kinarudishwa kwa gundi ya mbao, usikitupe. Mtoto mpe galoni la bati la lita 5, chaga ile ile, vipimo vile vile. Tundu la sauti toboa ubavuni, kingo zipinde kwa ndani zisimkate.

Mkazi wa Mbagala: Nimerudi wakuu. Nilimpigia. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani salio limekata. Kisha akasema nisiguse kitu, anakuja Jumapili kusoma mwenyewe. Kasha limerudi juu ya kabati, ndoo iko chini ya kitanda. Gitaa la galoni limesimama tangu jana, nyuzi tatu, freti ya 12 imeangukia 30 kamili. Tatizo ni moja: kijana akibonyeza freti ya 3 kwenye uzi mwembamba, inavuma kama nzi kwenye chupa. Freti nyingine ni safi.

Fundi Keko: Freti ya 4 imezidi kimo, uzi unaigusa. Ipige tupa kidogo kidogo, jaribu kila baada ya mkwaruzo mmoja.