Mdogo wangu kapata kazi ya keshia, duka linauza bia: aanze bila cheti?

Wanajumuiya, hamjambo. Mdogo wangu anasoma hapa Brampton, mkoa wa Ontario, Kanada, kapata kazi ya jioni kwenye duka la mtaani. Bia na mvinyo vinauzwa. Mwenye duka anamwambia aanze Ijumaa, mambo ya cheti yatafuata. Kuna shida?

*

Dada, salamu. Ipo. Asianze Ijumaa.

Hadi 2015 bia hapa Ontario ilikuwa karibu yote mikononi mwa LCBO, yaani maduka ya pombe ya serikali ya mkoa, na Beer Store, maduka ya kampuni za bia. Mwaka huo supamaketi chache zikaruhusiwa, kisha tarehe 5 Septemba 2024 maduka ya mtaani nayo yakaingia. Pombe kali bado ni ya LCBO. Watu wamefurahia kutokwenda mbali, nami sina ugomvi na hilo. Kinachoniuma ni kwamba kazi ya kuwazuia watoto wasinunue pombe, iliyokuwa ya wafanyakazi wa LCBO waliofundishwa, sasa anaachiwa kijana mmoja zamu ya usiku, tena mara nyingi ni kijana wetu.

Kila anayeuza lazima awe ametimiza miaka 18 na awe na cheti cha Smart Serve, mafunzo ya kuuza pombe kwa uangalifu. Somo liko mtandaoni, alimalize kwanza. Mnunuzi ni miaka 19 kwenda juu, na kuuza ni saa moja asubuhi hadi saa tano usiku. Akimuuzia mtoto, anayeweza kushtakiwa si mwenye leseni ya kuuza pombe peke yake, hata yeye aliyepokea pesa.

Mwezi wangu wa kwanza kaunta, kijana alinipa leseni ya udereva. Kwenye picha kuna kovu juu ya jicho. Uso ulio mbele yangu hauna. Makopo mawili yalishawekwa pale, yanatoa jasho. Foleni nyuma yake inaguna. Nikamrudishia kadi, makopo nikayarudisha kwenye friji. Alinitukana sana. Mdogo wako ajiandae kwa hilo, na mwenye duka akimlaumu kwa kukataa, atafute kazi kwingine.

Kitu kingine: asimwombe mtu kadi ya afya kuthibitisha umri. Pasipoti, leseni ya udereva au Ontario Photo Card, kitambulisho cha picha cha mkoa, zinatosha.

*

Ahsante sana kaka. Na akihama duka, anaanza upya?

*

Hapana dada, cheti ni chake, si cha duka. Atunze nakala yake mwenyewe.