WAUZA KAMERA WA MJINI MNATUONEA!! Mtoto anataka kamera ya kuanzia mnampiga na ya Kijapani

Assalaam aleikum wadau. Leo nina hasira na siandiki kwa utani, wauzaji mliomo humu someni mpaka chini halafu mnijibu.

Mtoto wa dada yangu yupo Wete, Pemba, kamaliza skuli, anataka kuanza kazi ya picha. Harusi za mtaani, maulidi, mahafali ya madrasa, na siku nyengine ashuke pwani ya Vumawimbi awapige picha wageni. Kachuma karafuu msimu mzima, pesa kaikalia hajainunulia hata kandambili, kamtumia muuzaji wa hapa mjini Unguja kwa simu, kamera ikapakiwa kwenye boti ikafika. Kaambiwa hii ni mirolesi ndogo, yaani kamera isiyo na kioo cha ndani, nyepesi, ndiyo wanayoanzia wote. Sony ZV-E10. Kuiwasha tu, menyu nzima Kijapani. Nzima! Kanipigia simu ya video, namuona kakaa barazani, simu yake kaiegemeza kwenye nguzo, mkono mmoja kamera, mkono wa pili kashika simu ya mamaake anaielekeza kwenye skrini ya kamera imtafsirie zile herufi, anasoma, anabonyeza, inamrudisha mwanzo, anaanza tena. Mtoto mwenyewe hata halalamiki, ananiuliza tu "mjomba, kwani hii mie ndo sijui kuitumia?"

Nikampigia muuzaji. Ananambia "lugha inabadilika hiyo kaka, aingie setingi." Uongo mtupu. Anayeuza kamera kila siku anajua kwamba Sony nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zinakuja na Kijapani peke yake, Kiingereza hakimo humo ndani, si kwamba kimefichwa mahali. Ndiyo maana kule mtumba wake unakuwa rahisi, nyie mnaununua rahisi kisha mnatuuzia sisi kwa bei ya kamera ya kawaida, na kwenye tangazo mnapiga picha ya mbele tu, ile skrini ya nyuma hamuiwashi makusudi.

Na mngemuuzia hata modeli nyengine angeponea. Kamera nyingi zina kile kigurudumu juu chenye P, A, S, M, yaani namna za kupiga, unazungusha kwa mkono huhitaji kusoma kitu. ZV-E10 haina. Ina kitufe cha kuhama kutoka picha kwenda video, lakini ukitaka kuchagua unapigaje lazima upite kwenye skrini. Yaani katika kamera zote mtoto huyu kapewa ile inayomlazimisha kusoma.

Halafu hata ingekuwa ya Kiingereza, nani alimuuliza anakwenda kupiga nini? Hakuna! ZV-E10 ya 2021 imetengenezwa kwa watu wa kujirekodi, ina tundu la maiki, skrini inageuka ukajiona, kwa hiyo kazi si kamera mbaya hata kidogo. Lakini haina kile kitundu cha kuchungulia kwa jicho wala haina flashi yake. Mtu wa pwani ya Pemba saa saba mchana, mchanga mweupe, jua la utosi, unamuuzia kamera ya kutizama skrini tupu? Haoni kitu, anapiga kwa kubahatisha. Zipo ndogo hivyo hivyo zenye kitundu na flashi, Canon R50 ya 2023, Nikon Z50 ya 2019. Hata Canon R100, japo skrini yake haigeuki wala haiguswi, kwa huyu mtoto ingemfaa zaidi.

Sasa msidhani ni huyo mmoja. Binti wa jirani yangu hapa Mwanakwerekwe kauziwa Canon M50, kaambiwa "anza na hii, baadae utanunua lenzi mpya za Canon za RF unafunga hapo hapo." Wallahi niliposikia nilisimama. M50 inatumia mlango wa kufungia lenzi unaoitwa EF-M, RF haiingii hapo, na hizo lenzi zake za EF-M nazo haziingii kwenye R50 wala R10, adapta hakuna. Na Canon wenyewe EF-M wameshaiacha. Kamera yenyewe inapiga vizuri, sikatai, na kama mtu anaijua hali yake akainunua kwa bei ya chini na lenzi zake mbili tatu, mtumba mzuri tu. Lakini sema! Mwambie mnunuzi kwamba njia hii imeishia hapa. Yule binti anaweka akiba ya lenzi ambayo haitafunga kwenye kamera yake maisha.

Na lenzi ndo balaa kubwa, kwa sababu mnauza bodi, kamera tupu bila lenzi, mnasifia bodi, lenzi mnaitupia tu kama mfuko wa kubebea. Ile ya milimita 16-50 inayokuja na Sony, ukivuta mwisho inafika f/5.6. Hiyo f ndo tundu la lenzi, namba ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo. Ukumbi wa harusi usiku, taa za rangi, bibi harusi kakaa ndani kabisa, hiyo f/5.6 inaingiza mwanga karibu mara 10 chini ya lenzi ya f/1.8. Kwa hiyo mtoto anapandisha ISO, ule wepesi wa kamera kukamata mwanga, picha zinatoka punje punje, mwenye harusi anamnunia, yeye anaona hajui kazi. Mngemwambia mapema achukue bodi ya bei nafuu na pesa iliyobaki atie kwenye lenzi moja ya mwanga, mfano Sigma 30mm f/1.4, angefanya kazi tangu harusi ya kwanza. Na msimpe 50mm mkamwambia ndo ya picha za watu, kwenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo za APS-C hiyo inavuta kama ya 75 au 80 kwenye sensa kubwa, chumba cha nyumba ya Ng'ambo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse kabati.

Na ukungu! Lenzi ya mtumba imekaa kwenye unyevu wa bahari, mnaipangusa kioo cha mbele inang'aa dukani. Washa tochi ya simu, imulike kutokea nyuma, utaona utando mweupe kama nyumba ya buibui umeshika kioo cha ndani. Mnunuzi akiomba kumulika mnamjibu "kama huniamini acha." Kwa nini asimulike pesa yake?

Nyie nanyi wajuaji wa humu, mtu akiuliza kamera ndogo ya kuanzia mnamjibu "jipange uchukue fuli fremu," zile za sensa kubwa. Ajipange na nini? Keshakwambia pesa yake ni kiasi gani, mjibu kwa pesa hiyo. Au mnamwambia megapikseli 24 ni chache simu yake ina 108. Jamani sensa ya APS-C ina upana wa kama milimita 23, ya simu ni kidogo sana hapo, mwanga unaingia kwenye sensa hauingii kwenye namba.

Sasa muuzaji aliyemuuzia mtoto wetu anajijua na najua anasoma. Kamera ipo kwenye boksi lake, haina mkwaruzo, narudi nayo mjini wiki hii. Unarejesha pesa au unambadilishia yenye Kiingereza na kitundu cha kuchungulia? Jibu hapa hapa mbele za watu. Na wengine mliouziwa za Kijapani bila kuambiwa, andikeni chini modeli na mlilipa kiasi gani, majina ya maduka msitaje kwanza.